Mtoto na Mlezi Wake Wakati wa Maradhi Yaliyoenea: Mafunzo kutoka Mwambao wa Ziwa Viktoria

Mwanachuo anapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hushughulika sana na azimio la kazi, andalio la somo na zana zake. Hayo ni ya lazima, nasi hatuyapunguzi. Lakini saikolojia ya mtoto isomwayo vyuoni, kwa sehemu kubwa, imemchora mtoto ambaye nyuma yake daima wapo baba na mama wenye afya, chakula cha jioni na taa ya kusomea. Katika vijiji vilivyolizunguka Ziwa Viktoria, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, watoto wengi hawakuwa na nyumba ya namna hiyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maradhi yanayoenea nchi hata nchi yanavyoingia nyumbani, yanavyombadili mlezi, na jinsi mabadiliko hayo ya mlezi yanavyofika darasani yakiwa yamevaa sura nyingine, sura ambayo mwalimu mgeni wa mambo huiita uvivu, utoro au ukaidi. Tutatumia mifano miwili iliyotokea hapa kwetu: UKIMWI, na korona ya mwaka 2020. Rai yetu tunaisema mapema. Hali ya mtoto na hali ya mlezi wake haziwezi kutenganishwa, na mwalimu anayetaka kumfundisha wa kwanza hana budi kumjua wa pili.

Maradhi yalivyofika

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka mmoja kabla yake, ng'ambo ya mpaka, ugonjwa huo usiokuwa na jina ulikwisha kuonekana Kasensero, kijiji cha wavuvi cha Uganda kilichoko ziwani. Watu wa Kagera waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, maana waliodhoofika kwanza walikuwa miongoni mwa wale waliokwenda na kurudi na bidhaa hizo. Ilipofika mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa.

Mwambao ulikuwa na sababu zake za kuumia zaidi. Miaka hiyo hiyo sangara alikuwa amezaana ziwani kwa wingi usio na kifani. Vijana walihama kutoka kambi moja ya uvuvi hadi nyingine, Ukerewe, Kome, Goziba na kwingineko, wakipata fedha leo na kuzitumia leo. Mkoani Mwanza, utafiti uliofanywa kati ya mwaka 1991 na 1994 ulionyesha kwamba vijiji ambavyo zahanati zake ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa vilipata maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI pungufu kwa kadiri ya asilimia 40 kuliko vijiji vingine. Utafiti huo ulisomwa duniani kote. Sisi walimu tuna jambo jingine la kutazama: ni nani waliokufa, na ni nani waliobaki.

Kipindupindu humwonea zaidi mtoto mdogo na mzee. UKIMWI uliwachukua walio katikati, wenye nguvu za kulima, kuvua na kulipa. Waliobaki ni mtoto na bibi yake. Ndipo mwanamke wa miaka 60 na zaidi, aliyetarajia kwamba sasa atapelekewa maji na kukatiwa kuni, akarudi kubeba mtoto mgongoni.

Kuhusu hasara iliyowapata watoto hatubahatishi. Mkoani Kagera watafiti waliwaandikisha watoto kati ya mwaka 1991 na 1994, walipokuwa wangali na wazazi wote wawili, kisha wakawatafuta tena mwaka 2004 walipokuwa watu wazima. Waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walikuwa wafupi kwa sentimeta 2 kuliko ambavyo wangekuwa, na walikuwa wamesoma kwa mwaka mmoja pungufu. Sentimeta mbili ni chakula ambacho hakikuliwa. Mwaka mmoja ni mwaka ambao mtoto alikuwa mahali pengine, si darasani, na daftari la mahudhurio la mwalimu fulani lilikuwa na alama zake zote.

Ikumbukwe pia kwamba mambo hayo yalitokea wakati mbaya. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa katika mji ulioko kwenye ziwa hili hili, ndilo lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote kufikia mwaka 1977. Lakini katika miaka ya 1980 wazazi walianza tena kutozwa ada, na ada hiyo haikufutwa mpaka mwaka 2001. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo nyumba ilikuwa ikiuza ng'ombe ili kununua dawa, ilitakiwa pia kuuza mbuzi ili kulipa shule.

Mtoto anayelea

Tumezoea kusema kwamba mtoto hulelewa. Katika nyumba iliyopatwa na maradhi, mtoto naye hulea.

Tuchukulie mtoto wa kike wa darasa la nne, katika shule yoyote iliyoko umbali wa kutembea kutoka ziwani. Mama yake ni mgonjwa, au amekwisha kufariki na bibi ndiye mgonjwa. Mtoto huyo huamka kabla ya mapambazuko, huteka maji ziwani, huwasha moto, huchemsha uji, humwosha mgonjwa na kumgeuza, huacha kikombe cha maji na michembe kidogo karibu na kitanda, humvisha mdogo wake, kisha huenda shule. Hufika paredi imekwisha kutawanyika. Mwalimu wa zamu anamsubiri na fimbo. Kipindi cha tatu anasinzia. Kazi ya nyumbani hakufanya. Mwalimu anaandika katika ripoti: "Hana bidii." Twaweza kusema kwamba katika darasa zima hakuna aliyekwisha kufanya kazi nyingi kama yeye siku hiyo, mwalimu akiwamo.

Sasa mwalimu atajuaje? Hati ya kwanza ya uchunguzi anayo mezani, nayo ni daftari la mahudhurio. Wanachuo wengi huliona kuwa kazi ya ukarani, wakalijaza na kulifunga. Tunawashauri walisome kama wasomavyo kitabu. Mtoro wa kawaida hukosa ovyo ovyo. Mtoto anayelea hukosa kwa mpangilio: siku ya gulio, kwa sababu ndiyo siku ya kuuza dagaa ili ipatikane sabuni, siku moja ya kila mwezi, kwa sababu ndiyo siku ya kliniki na bibi haoni vizuri njiani, au vipindi vya kwanza vya kila siku, kwa sababu ya yale tuliyoyaeleza. Mpangilio huo ukionekana kwa majuma manne mfululizo, mwalimu aache kuuliza "Kwa nini umechelewa?" mbele ya wenzake, akaulize faraghani, "Asubuhi nyumbani kuna kazi gani?"

Tahadhari moja inahitajika hapa. Wapo watoto ambao dalili yao ni utulivu. Hawasinzii, hawagombani, madaftari yao ni safi, na hawaulizi swali hata moja. Mwalimu huwapenda na kuwasahau. Huzuni ya mtoto haifanani na ya mtu mzima. Huja na kuondoka, akacheza mpira kwa furaha saa nne na kulia chooni saa sita. Wengine wameambiwa kwamba mama amesafiri. Desturi ya kumficha mtoto msiba ina huruma ndani yake, lakini mtoto huona vitanda vimehamishwa na huhesabu siku. Akinyamaza, ni kwa sababu amekwisha kufahamu kwamba swali lake humliza bibi.

Na bibi huyo? Mara nyingi walimu humlalamikia: hafiki kwenye mikutano ya wazazi, hasaini daftari, humpiga mtoto au humwacha tu. Yafaa tukumbuke kwamba yeye naye ni mfiwa. Aliyekufa ni mwanawe. Analea mjukuu mwenye sura ya marehemu, na pengine amezika zaidi ya mmoja. Ukali wake ni uchovu, na kimya chake ni matanga yasiyokwisha. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Taarifa iliyoandikwa mwaka 2008 juu ya kazi hiyo ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna anasa katika orodha hiyo. Palipokuwa na chumvi na sabuni ndani ya nyumba, wasiwasi wa bibi ulipungua, na wasiwasi wa bibi ulipopungua mtoto naye alipumua. Huu ndio ushahidi tunaouthamini kuliko nadharia nyingi: ukimtuliza mlezi, umemtuliza mwanafunzi wako.

Hali ya leo imebadilika, na mwalimu asifundishe mambo ya 1990 kana kwamba ni ya sasa. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi hutolewa bure hapa nchini. Mama anayezimeza kila siku anaweza kuishi na kuwaona wajukuu zake, na kwa matibabu hayo watoto wengi huzaliwa bila maambukizo. Wapo hata hivyo waliozaliwa nayo, wanasoma na wenzao, humeza dawa kila siku, na pengine hawajaambiwa bado dawa hizo ni za nini. Kuwaambia ni kazi ya mlezi pamoja na mtaalamu wa kliniki. Si kazi ya mwalimu, na wala si kazi ya mwalimu kubahatisha.

Shule zilipofungwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule, nazo shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni 2020. Ni zaidi ya miezi mitatu. Vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, na tunawashukuru waliovitayarisha. Lakini redio yenye betri ni moja katika kaya, na mwenyewe amekwenda nayo kambini kuvua.

Safari hii maradhi yaliingia nyumba nyingi kwa mlango wa mfuko. Safari za ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa mwezi Aprili, biashara ya minofu ya sangara kwenda Ulaya iliyumba, na mtikisiko huo ulifika kwa mvuvi, kwa mama anayekaanga samaki mwaloni, na kwa mtoto wake. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa bila mshahara. Nao ni walezi pia. Wavulana wengine walizoea kushika fedha za kuanika dagaa, na shule zilipofunguliwa hawakuona sababu ya kurudi. Wasichana wengine walirudi wakiwa na mimba, na kwa utaratibu wa wakati ule mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwao. Ulifunguliwa Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua ataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi.

Jambo linalotuhusu zaidi ni yale yaliyofanyika juma la kwanza baada ya kufungua. Shule nyingi zilianza kukimbiza muhtasari, vipindi vikaongezwa, na watoto wakapewa mitihani ya kupima walichosahau. Tunaona kwamba utaratibu huo uliwekwa kinyume. Mtoto aliyekaa miezi mitatu akisikia vifo vikitajwa kila jioni hawezi kuonyesha anachojua katika siku ya pili. Siku tatu za michezo, nyimbo, masimulizi na kuchora zingetosha kumwonyesha mwalimu ni nani amerudi na hali gani, na upimaji ungefuata ukiwa na maana. Shule za mkoa wa Kagera zimekwisha kupata nafasi nyingine mbili za kujifunza hayo, kwa ugonjwa wa Marburg wa wilaya ya Bukoba mwezi Machi 2023 na ule wa Biharamulo mwezi Januari 2025. Mwanachuo anayesoma makala haya ana miaka zaidi ya 30 ya kazi mbele yake. Atakutana na maradhi mengine.

Njia za kufuata darasani

Tuanze na Kiswahili. Insha iitwayo "Mama yangu" inapendwa sana na wanachuo kwa kuwa msamiati wake ni rahisi. Katika darasa la watoto 80 la mwambao, insha hiyo huwatoa nje ya somo watoto kadhaa bila mwalimu kujua. Ibadilishe iwe "Mtu anayenitunza". Msamiati hautapotea, sarufi ni ile ile, na mtoto anayeishi na bibi, shangazi au kaka yake ana la kuandika. Mwalimu akisoma kazi hizo kwa makini atapata habari ambazo angezitafuta kwa mwaka mzima.

Katika hisabati, mtoto anayelea ana elimu ambayo mwalimu haitumii. Anajua kisado cha dagaa huuzwa kwa bei gani na kiasi gani hubaki baada ya kununua mafuta ya taa. Mafumbo ya hesabu yakitungwa kutoka humo, yule ambaye daima ni wa mwisho ataonekana ghafla kuwa wa kwanza, na heshima hiyo ina thamani kuliko daftari la bure.

Somo la sayansi ndilo linalotaka maandalizi makubwa. Mtoto anayemwosha mgonjwa ana swali moja ambalo hatamwuliza mtu: "Na mimi nitakufa?" Kwa hiyo kumweleza tu kwamba UKIMWI ni hatari ni kumwongezea mzigo. Tunapendekeza maradhi yafundishwe kwa kulinganishwa. Siku ya kwanza kipindupindu, kinachoenezwa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi; hapo watoto watengeneze kibuyu chirizi na kunawa kwa sabuni. Siku ya pili korona, inayosafiri kwa pumzi na mate; hapo wafungue madirisha, wakae mbalimbali, wajifunze kukohoa kwenye kiwiko. Siku ya tatu UKIMWI, ambao haupiti katika maji, pumzi, sahani, kitanda wala kumbatio, bali katika damu, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wakiisha kuona kwamba kila ugonjwa una njia yake, mwalimu aseme wazi: kumlisha, kumwosha na kumshika mkono mgonjwa wa UKIMWI hakuambukizi, penye damu au kidonda, vaa glavu, au funga mkono kwa mfuko wa plastiki usiotoboka, kisha nawa. Asiseme hayo kwa kumtazama mtoto fulani. Sanduku la maswali lisilo na majina liwekwe darasani juma moja kabla; maswali yatakayotoka humo ndiyo andalio la kweli la somo.

Kuna tendo moja ambalo tungependa lisionekane tena katika shule yoyote, nalo ni kusema paredini, "Yatima wote wasimame." Hufanywa kwa nia njema, pengine wamekuja wafadhili na madaftari. Lakini mtoto aliyesimama hapo hupewa jina ambalo wenzake hawatalisahau, na baadhi ya watoto wamekataa sare ili wasisimame. Misaada igawiwe ofisini kwa mwalimu mkuu, mmoja mmoja. Na yale mwalimu anayoyajua juu ya nyumba ya mtoto yasiwe mazungumzo ya chai ofisini.

Mwisho ni kumtembelea mlezi. Mwalimu aende jioni, kazi zikiwa zimepungua, aketi mahali anapoonyeshwa hata kama ni juu ya kinu kilicholazwa. Huku Usukumani amwite mama wa nyumba mayu, na aliye mzee amwite bibi, asalimie kwa utulivu mpaka salamu ziishe zenyewe. Asitoe kalamu. Asiulize ugonjwa. Aanze kwa kutaja jambo moja ambalo mtoto amelifanya vizuri shuleni, nalo liwe la kweli, kwa sababu mlezi amezoea kwamba mwalimu huja na mashtaka. Kisha aulize mtoto anasaidia kazi gani, na wapatane juu ya jambo moja dogo tu: pengine maji yatekwe jioni badala ya alfajiri, pengine jirani achukue dawa kliniki mwezi huu. Akirudi, yale yaliyo juu ya uwezo wake ayafikishe kwa mwalimu mkuu, kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na aulize kama kaya hiyo imeandikwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuzitembelea nyumba zote. Azitembelee zile tatu au nne ambazo daftari la mahudhurio limemwonyesha.

Kazi kwa wanachuo: Wakati wa mazoezi yajayo ya kufundisha, kila mwanachuo achukue daftari la mahudhurio la darasa atakalopewa, alisome kwa majuma manane yaliyopita, na achague watoto wawili ambao kukosa kwao kuna mpangilio. Baada ya kupata ruhusa ya mwalimu mkuu na ya mlezi, atembelee nyumba zao. Aandike ukurasa mmoja kwa kila mtoto, bila jina la mtoto wala la kijiji, aeleze asubuhi ya mtoto huyo tangu kuamka hadi kengele ya kwanza, na jambo moja lililopatanwa na mlezi. Kurasa hizo zitajadiliwa chuoni katika vikundi vya watu sita kabla ya kupitia maandalio ya masomo.